Geti la Masufuria

Uwanja wetu pale Voi una mageti mawili, na mimi ndiye niliyelifunga moja. Nianze hapo hapo, maana nikianza na sifa za klabu nitazunguka mpaka nifike mwisho bila kulitaja lililonileta. Nimewahi kuwasimulia watu kisa hiki mara mbili tatu, na kila mara nilijikuta najipendelea. Leo nitajaribu kutojipendelea.

Geti kubwa liko upande wa barabara. Hapo ndipo watu hulipa. Geti dogo liko upande wa reli, kipande cha mabati kilichopigiliwa kwenye mbao, upana wake unatosha mtu mmoja na mzigo wake. Hilo liliitwa geti la masufuria. Mama yeyote aliyekuja na sufuria ya chakula siku ya mechi ya nyumbani alipita hapo bila kulipa, yeye na wote alioandamana nao, na hakuna aliyemuuliza hao wote ni nani wake.

Wazee walisema desturi hiyo ilianza zamani, wakati wachezaji walikuwa vibarua wa reli na wa mashamba ya mkonge. Jumamosi walitoka kazini wakaenda moja kwa moja uwanjani bila kuonja kitu, na wake zao wakaona ni afadhali chakula kiwafuate huko huko. Kibarua cha reli kikaisha, desturi ikabaki. Klabu haikuwahi kuwa na posho ya kumpa mtu. Filimbi ya mwisho ikilia, masufuria yalipangwa nyuma ya goli, na timu zote mbili zikala, refa akala, na mashabiki wakala kilichobaki. Wataita walileta kimanga, yaani mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe. Mama mmoja Mkamba alileta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Wake wa watu wa reli waliotoka magharibi walileta ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, na mama mmoja Mwislamu wa mtaa wa Sofia alileta viazi karai, akivigawa kwa mkono wake kwa sababu hakumwamini mtu. Timu ya Mwatate iliwahi kuja ikafungwa manne bila jibu, ikaondoka imeshiba na inatuaga kwa vicheko.

Mpira wenyewe, tusidanganyane, ulikuwa wa kubutua. Tulikuwa na winga mmoja mwenye mbio ambaye hakuwahi kujua la kufanya akifika mwisho wa uwanja. Lakini Jumamosi watu walijaa, na mimi niliamini wanajaa kwa ajili ya mpira.

Mwenye kimanga alikuwa shangazi yangu, dada wa baba yangu. Mimi nilizaliwa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na nilipomaliza darasa la nane nililetwa Voi kukaa naye nisome sekondari. Alikuwa akiuza ndizi sokoni, ndizi za Mahoo kule Taveta zilizokuja na malori alfajiri, na karo yangu ilitoka kwenye ndizi hizo. Nimebeba jina la baba yake, kwa hiyo tangu utotoni aliniita baba. Nyumbani kwake hakukuwa na habari ya kukaribishwa mezani. Ukiingia na njaa unafunua sufuria, unajipakulia, na ukikuta imebaki kidogo unakwangua. Miaka yote minne ya sekondari niliingia uwanjani Jumamosi kwa geti dogo, nikiwa nyuma yake na mabakuli mikononi. Sijawahi kulipa kiingilio cha klabu ile hata siku moja maishani mwangu, na hilo naomba likumbukwe nikifika mbele.

Nikawa mwalimu. Nikarudi kufundisha Voi, nikaoa, nikachaguliwa katibu wa klabu, labda kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Halafu nikapelekwa semina ya siku moja Mombasa, ya viongozi wa klabu ndogo. Mtoa mada alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa, akatuambia kwamba watu hawathamini wasichokilipia, na kwamba klabu inayotoa vitu bure inajizika yenyewe. Niliandika kila neno. Tulipewa faili la plastiki lenye nembo, na nililibeba kwapani wiki nzima nikizunguka nalo mjini. Nikilikumbuka lile faili, hata sasa nikiwa peke yangu, naona haya.

Jumamosi iliyofuata nilisimama karibu na geti dogo nikihesabu vichwa. Waliopita hapo walizidi waliopita geti kubwa, na walizidi sana. Nikaona nimegundua ugonjwa. Nikaitisha kikao cha kamati, nikapendekeza kiingilio kipandishwe kutoka hamsini hadi mia, na geti dogo lifungwe. Wachezaji wetu tutawanunulia mkate na maziwa, na wageni wajitegemee.

Mwenyekiti wetu ni karani mstaafu wa stesheni, mtu mpole anayependa kufuta miwani yake anapofikiri. Aliifuta kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "na hawa akina mama tutawaambia nini?"

"Tutawaambia klabu inaenda na wakati."

Hakuna aliyetaka kuonekana mshamba, kwa hiyo pendekezo likapita. Mimi mwenyewe niliandika tangazo kwa kalamu nyekundu, nikalibandika sokoni, stendi na kwenye geti: kiingilio ni shilingi mia, hakuna bure. Nilipaswa kwenda kwa shangazi nimwambie kwa mdomo. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi. Nilijiambia ataliona tangazo, liko sokoni pale pale anapouzia. Lakini shangazi yangu hajui kusoma, na anayejua hilo kuliko watu wote ni mimi, niliyekuwa nikimsomea barua.

Jumamosi hiyo tulicheza na timu kutoka Taveta. Nilisimama geti kubwa mwenyewe, kitabu cha tiketi mkononi, nimevaa koti juani. Watu walikuja, wakanung'unika juu ya ile mia, wakalipa. Halafu nikawaona akina mama wakitokea kwenye kona ya ukuta. Walikuwa wamefika geti dogo, wakakuta mnyororo na kufuli, wakazunguka uwanja mzima na masufuria vichwani. Shangazi alikuwa mbele. Nyuma yake mama wa muthokoi, na nyuma yao kundi lote la majirani, waume, watoto, na wapangaji wa ploti.

"Baba, kufuli ya kule imeharibika?" akaniuliza. "Hebu ambia mtu afungue. Hii kitu ni moto, na shingo inaniuma."

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka kututazama. Walijua ni shangazi yangu, Voi si Nairobi. Mwenyekiti alinisogelea akaninong'oneza, "Mwalimu, mpitishe huyu. Huyu ni mama yako."

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kumpitisha na kucheka, na watu wangecheka pamoja nami, na tungeweza kulimaliza jambo lile pale pale. Lakini nilichokiona mimi ni yale macho kwenye foleni, nikasikia kabla hayajasemwa maneno kwamba katibu anawatoza wengine na kuwapitisha wa kwao. Nikainua sauti ili wote wasikie.

"Mama, kiingilio ni shilingi mia kwa kila mtu. Hata mimi nimelipa."

Sikuwa nimelipa. Na sikuwahi kumwita mama kwa namna ile, kama unavyomwita mtu usiyemjua akikuuliza njia. Kwetu alikuwa shangazi, na neno hilo nililimeza makusudi ili watu wasiseme.

"Ni mimi unaniambia?"

"Ni kila mtu."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga, ningepata la kujibu. Aliinua mikono akaishika sufuria, akitaka kuitua, na kwa kawaida ni mimi niliyekuwa nikimpokea. Mikono yangu ilikuwa na kitabu cha tiketi, nami nikaikazia hapo hapo. Shabiki mmoja wa Taveta, mtu asiyetujua, ndiye aliyetoka kwenye foleni akamsaidia. Shangazi alijinyoosha shingo, akaifunga upya ile kata ya kitambaa, akamwomba yule mgeni amtwishe tena.

"Sawa, katibu," akasema.

Akageuka, akaenda zake. Mama wa muthokoi akamfuata bila kuniangalia, na wengine wote wakafuata, na baadhi ya waliokuwa kwenye foleni, ambao hawakuwa hata na sufuria, wakatoka pia wakaandamana nao. Niliwakatia tiketi waliobaki. Nilimwambia mwenyekiti kwamba mambo mapya huchukua muda, na yeye akatoa miwani yake akaanza kuifuta.

Mechi iliyofuata watu walikuwa wachache, nikasema ni kwa sababu shule zimefunguliwa. Iliyofuata nikasema ni upepo, na ni kweli Voi likivuma vumbi jekundu huwezi kuona mpira uko wapi, lakini upepo ule ulikuwepo tangu zamani. Iliyofuata nikasema ni mpira wa Ulaya kwenye mabanda ya video. Nilikuwa na sababu mpya kila wiki. Ilifika mahali ukisimama golini unasikia kipa wa upande wa pili akikohoa. Timu za wageni zilikuja, zikacheza, zikapanda gari bila hata kutuaga vizuri. Refa alikuwa akipuliza filimbi ya mwisho huku bodaboda yake imeshawashwa. Wachezaji wetu walisimama kwa duara wakila mkate mkavu, na yule winga mwenye mbio akaniambia siku moja, akiwa hana hasira, "Mwalimu, dakika za mwisho nilikuwa nakimbia juu ya harufu. Sasa nakimbilia nini?"

Nilicheka. Halafu nikaenda nyumbani nikashindwa kula.

Mwenyekiti akaitisha kikao, akatuuliza mmoja mmoja watu wameenda wapi. Nilizungumza kwa muda mrefu juu ya televisheni. Nilikuwa na takwimu kutoka kwenye lile faili. Nilipomaliza, mtunza jezi wetu, mzee asiyesema sana na ambaye ni mume wa mama wa muthokoi, aliinua mkono.

"Si TV, mwalimu," akasema. "Ni ile siku ya geti."

Hakuna aliyeniangalia. Walitazama meza, walitazama dirisha, mmoja akaanza kukuna goti. Nikaelewa kwamba wote walikuwa wakijua tangu Jumamosi ile, na kwamba walikuwa wamenisubiri niseme mwenyewe. Uso ulinishuka. Nilitamani kikao kiishe, lakini mwenyekiti akaendelea kwa ule upole wake: kiingilio kirudi hamsini, geti dogo lifunguliwe, na akina mama waombwe radhi.

"Nani ataenda?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Si ni wewe ulifunga?" akasema mwenyekiti. "Wewe enda uwaambie."

Nilianza na wale wa mbali nami. Mama wa viazi karai alinisikiliza mlangoni, akaniambia hana kinyongo, lakini yeye anamfuata shangazi yangu. Mama mmoja wa ugali na omena akasema hivyo hivyo. Mama wa muthokoi alinicheka, akanikaribisha ndani, halafu akasema, "Mwalimu, unazunguka nini na wewe? Nenda kwa mwenyewe. Akija, tunakuja. Akikosa kuja, sisi pia hatuji." Kwa hiyo klabu nzima ikawa imeninginia kwa mwanamke mmoja, na sikuwa nimekanyaga kwake miezi miwili. Mke wangu alikuwa akienda kumjulia hali. Mimi nilikuwa nikisema nasahihisha mitihani.

Nilienda Jumapili, baada ya ibada. Nilimkuta amekaa barazani akichambua maharagwe. Sufuria ilikuwa jikoni, harufu ya kimanga imejaa nyumba nzima, na nilikuwa na njaa, kwa sababu sikuwa nimeonja kitu tangu asubuhi.

"Karibu, katibu," akasema. "Keti."

Akanipa kiti cha sofa, kile cha wageni chenye kitambaa cha kufuma. Kisha akafungua fundo la leso, akatoa pesa, akaondoka. Nilidhani ameniacha. Baada ya muda akarudi kutoka dukani na soda baridi na pakiti ya biskuti. Alikuwa ametembea juani mwenyewe, na miguu yake siku hizi inavimba. Akaleta sinia, akaweka gilasi, akaifungua ile soda mbele ya macho yangu kama anavyofunguliwa mchungaji aliyekuja kutembelea, akaketi mbali kidogo, mikono imekunjwa mapajani.

Sijui kama mtu asiyekulia nyumba kama ile atanielewa. Angenitukana ningejua bado mimi ni wake. Soda ilinieleza kwamba mimi ni mgeni, tena mgeni wa heshima, na hakuna ninachoweza kumlaumu, kwa sababu mgeni hakupewa pungufu hata kidogo.

Aliniuliza mke wangu hajambo, watoto hawajambo, shule inaendeleaje. Nilijibu yote. Niliinywa ile soda.

"Shangazi," nikasema, "siku ile nilikukosea."

"Ulikuwa kazini."

"Nilikukosea adabu mbele za watu. Nilisema uongo, sikuwa nimelipa."

"Ulikuwa kazini, katibu. Kunywa, soda inapoa." Alimaanisha inapata joto, lakini sikuwa na moyo wa kumtania, na zamani ningemtania mpaka alie kwa kicheko.

Nikamweleza kikao kilivyoamua. Nikamweleza kwamba geti dogo litakuwa wazi Jumamosi, kwamba wenzake wote wanamngoja yeye, kwamba watu wameacha kuja na bila yeye sijui klabu itafika wapi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nitakuja Jumamosi," akasema.

Nilihisi mzigo umenitoka kifuani. Nilikaribia kuinuka nikafunue sufuria.

"Sasa ni ngapi kuingia?" akauliza.

"Shangazi, kwako ni bure. Geti dogo liko wazi."

"Nimekuuliza ni ngapi."

"Hamsini."

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akarudi kwenye maharagwe yake. Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani, kama inavyopaswa.

Jumamosi nilifika uwanjani saa sita. Nilifungua kufuli ya geti dogo kwa mkono wangu, nikafagia pale, nikaondoa miiba iliyokuwa imeota miezi hiyo miwili, nikasimama. Saa nane ikafika. Saa nane na nusu. Hakupita mtu. Nilisikia sauti nyingi upande wa pili wa uwanja, sauti za watu wengi kuliko tulivyozoea siku za karibuni, na bado sikuelewa. Halafu kijana wetu wa tiketi akanipigia simu.

"Mwalimu, kuja huku geti kubwa. Shangazi yako yuko hapa na mimi siwezi kuchukua hii pesa yake."

Nilikimbia. Alikuwa amesimama wa kwanza kwenye foleni, amevaa nguo zake za kanisani, kichwani hana kitu ila kilemba. Mkononi alikuwa na noti ya hamsini. Yule kijana alikuwa ameweka mikono nyuma kama mtu aliyeambiwa ashike nyoka, na aliponiona akanisukumia kitabu cha tiketi akarudi nyuma.

"Shangazi," nikasema. Nililitamka kwa sauti ya juu, foleni yote isikie. "Shangazi yangu, tafadhali. Kule kuko wazi. Nimekufungulia mwenyewe."

"Mimi sina sufuria leo," akasema. "Nimekuja kutazama mpira."

"Basi pita tu. Pita hapa hapa."

"Kila mtu analipa." Alisema bila ukali, kwa sauti ile ile ya kumwambia mteja bei ya ndizi. "Nikatie, katibu. Watu wako nyuma yangu, jua ni kali."

Nikapokea ile noti. Nikamkatia tiketi, na karatasi ikachanika vibaya. Akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye fundo la leso, akasema asante, akapita. Nyuma yake alikuwa amesimama mama wa muthokoi, mikono mitupu, hamsini yake ameshaikunjua tayari, na nyuma ya mama wa muthokoi foleni ilifika hadi barabarani.